Alama Haina Sumu: Madoa ya Nondo wa Marejea

(Mazungumzo mbele ya walimu wa baiolojia, wanafunzi wao na wakulima waliokaribishwa, Morogoro)

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mlioketi kule nyuma, shikamooni. Sogeeni mbele, viti vipo. Wanafunzi, hamjambo?

Nimepewa dakika 40 nizungumzie mdudu ambaye akitandaza mabawa, ncha hadi ncha, ni milimita 30, na akizidi sana 42. Yaani dakika moja kwa milimita moja. Mwenyekiti aliponiuliza kama nitapata cha kusema muda wote huo nilicheka, kwa sababu shida yangu ni kunyamaza. Akigonga kengele, msinitetee.

Wataalamu wanamwita Utetheisa pulchella. Carl Linnaeus wa Sweden alimwandika mwaka 1758, katika kitabu kilekile kilichoanzisha mtindo wa kuwapa wanyama majina mawili ya Kilatini. Leo jioni mimi nitamwita nondo wa marejea, kwa kuwa marejea ni moja ya mimea ambayo kiwavi wake anaipenda. Kama kwenu ana jina jingine, mnitajie tukimaliza, nitaandika.

Mmeshamwona, hata kama hamkumtilia maanani. Unapita ukingoni mwa shamba, au kwenye uwanja wa mpira ambao haujafyekwa, saa nne asubuhi, jua limeshawaka. Kitu cheupe kinaruka kutoka miguuni, kinapepea hatua chache, kinatua kwenye jani la nyasi na hukioni tena. Huyo ndiye. Anapatikana Afrika karibu yote, kusini mwa Ulaya, na Asia ya kati na kusini. Ni msafiri pia: kuna miaka ambapo anavuka bahari mpaka Uingereza, na watazamaji wa wadudu wa huko hufurahi kama wamepata bahati nasibu.

Sasa mfikirie kidogo. Nondo wengi hungoja giza. Mchana hujibanza kwenye gome la mti wakiwa na rangi ya gome, au chini ya jani wakiwa na rangi ya jani kavu, wakiomba wasionekane. Huyu ana mwili laini, haumi, hachomi, mwendo wake ni wa pole, na bado anaruka mchana kweupe mbele ya ndege wenye njaa, amevaa nyeupe, nyeusi na nyekundu. Mnyonge akitembea hivyo sokoni bila wasiwasi, lazima ujiulize ana nini mfukoni.

Tuanze na hilo vazi. Akina mama hapa watanielewa upesi: bawa la mbele ni mji wa kanga, mweupe au wa rangi ya maziwa, uliojaa vidoa vyeusi, na katikati ya vidoa hivyo kuna madoa makubwa zaidi mekundu. Bawa la nyuma ni jeupe, lina pindo jeusi lisilonyooka ukingoni, na karibu na katikati lina alama nyeusi. Akitua huyaviringisha mabawa mwilini mpaka anakuwa mwembamba kabisa, na hapo utaona bawa la mbele peke yake. Pindo la nyuma huonekana akiruka, au mkimfungua kwa uangalifu juu ya meza.

Mkiwa na lenzi ya mkono mtaona kwamba doa halikupakwa. Bawa lote limefunikwa magamba madogo yaliyopangwa safu kwa safu, na kila gamba lilitengenezwa na seli moja wakati mdudu akiwa bado ndani ya bundo, ile hatua kati ya kiwavi na nondo. Gamba moja huwa na rangi moja. Doa jeusi ni mkusanyiko wa magamba yenye melanini, kitu kilekile kinachozipa rangi nywele zetu. Eneo jeupe mara nyingi halina rangi yoyote ndani yake. Weupe unatokana na jinsi gamba linavyoutawanya mwanga. Ukimshika bila adabu, unga unaobaki kidoleni ni hayo magamba. Umemfuta maandishi.

Na msihesabu madoa mkitarajia idadi moja. Wapo ambao vidoa vyeusi vimeungana kuwa mistari, wapo ambao madoa mekundu yamefifia. Mpangilio mkubwa hubaki uleule, lakini vitu vidogo hubadilika kutoka nondo mmoja hadi mwingine. Mliweke hili akilini, nitalirudia tutakapofika kwa wataalamu waliochanganyikiwa.

Je, maandishi haya anaandikiwa nani?

Swali hili lilimsumbua Charles Darwin. Alikuwa ameeleza kwamba rangi nzuri za wanyama wengi zinatokana na majike kuwachagua madume waliopendeza. Maelezo mazuri, ila yalikwama kwa kiwavi. Kiwavi hachumbii wala hachumbiwi, ni mtoto. Sasa kwa nini viwavi wengine wana rangi kali hivyo? Mwaka 1867 akamwuliza Alfred Russel Wallace, mtu aliyekusanya wadudu miaka mingi Amazon na kwenye visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Wallace alijibu upesi: huenda viwavi hao wana ladha mbaya, na rangi inamwarifu ndege kabla hajadonoa. Kiwavi mchungu anayefanana na jani atadonolewa kwanza, kisha ndiyo ndege atajua ni mchungu, na wakati huo kiwavi ameshapasuka. Uchungu peke yake haumsaidii aliyekwisha kufa. Anahitaji tangazo.

Mwingereza mmoja aliyefuga ndege, John Jenner Weir, alilipima wazo hilo kwa njia ambayo hata shule isiyo na maabara ingeiweza: aliwapa ndege wake viwavi wa kila namna akatazama. Wale wasioonekana kwa urahisi waliliwa, wale wa rangi za kujitangaza kwa kawaida waliachwa. Matokeo aliyatoa mwaka 1869. Mwaka 1890 Edward Poulton akazipa rangi za namna hii jina la kitaalamu. Sisi tuseme rangi za onyo, inatosha.

Mpaka hapo hadithi ni ileile ya vitabu vya kidato cha nne, na mwalimu anaweza kufunga daftari. Mimi ndipo ninapoanzia.

Nondo wetu hazaliwi na kiwanda cha sumu. Anaichukua kwenye mimea. Wakulima, marejea mnaijua kuliko mimi: mnaipanda, inachanua njano, mnailimia ndani ya udongo kabla haijakomaa ili ilishe mahindi yatakayofuata, kwa kuwa mizizi yake hukamata naitrojeni ya hewa. Wengine mnaipanda kwa zamu na nyanya kuwapunguza minyoo fundo wa mizizi. Kule magharibi mwa Kenya ndugu zake wa karibu ni mboga, mitoo, yenye uchungu kidogo ambao waliouzoea hawataki kuukosa. Jamii hii yote wataalamu wanaiita Crotalaria, na duniani ina mamia ya aina, nyingi zikiwa hapahapa Afrika. Maganda yake yakikauka hulia ukiyatikisa.

Ndani ya mimea hiyo, hasa kwenye mbegu, kuna kemikali zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini. Zimo pia kwenye mimea ya ukoo mwingine kabisa: Heliotropium, yale magugu ya kando ya njia yenye vishada vya maua madogo yaliyojikunja kwenye ncha, na Trichodesma, gugu lenye manyoya makali na maua ya samawati hafifu yanayoinama kuelekea chini. Kiwavi wa nondo wetu hula huku na huku. Anajulikana kwa mwili mweusi wenye nywele, mstari mweupe mgongoni na mikanda ya rangi ya chungwa. Mimea haifanani kabisa kwa macho, lakini kiwavi anajua inafanana wapi.

Alkaloidi hizi si za mchezo kwa mwanadamu. Ini ndilo linaloziharibu, na katika kuziharibu linazigeuza kuwa kitu kikali kinachoshambulia ini lenyewe. Kaskazini-magharibi mwa Afghanistan, katikati ya miaka ya 1970, baada ya ukame, mbegu za Heliotropium zilichanganyika na ngano ya kusaga. Watu 7,200 wa vijiji vilivyoathirika walipochunguzwa, asilimia 22.6 walikuwa na dalili za ugonjwa wa ini. Mwaka 1975 huko India, wilaya ya Sarguja, ilikuwa mbegu za jamii ya marejea ndani ya nafaka. Ninayasema haya si kwa ajili ya kuwatisha walaji wa mitoo. Majani hayo watu wameyachemsha na kuyala vizazi na vizazi, na aina za marejea hutofautiana sana kwa kiasi cha alkaloidi. Nasema mbegu zisiingie kwenye gunia la uwele wala ulezi, na mtoto asizitafune kwa kuwa zinalia vizuri.

Nondo anaishije na kitu hicho? Anakigeuza kidogo, anakiweka katika umbo ambalo halimdhuru, na kukitunza mwilini kuanzia ukiwavi, kupitia bundo, mpaka anapopata mabawa. Akikamatwa na kubanwa, hutoa povu karibu na shingo, damu yake iliyochanganyika na hewa, ili mshikaji aonje mapema.

Waliotueleza haya kwa kina walifanya kazi juu ya binamu yake wa Amerika, Utetheisa ornatrix, mwenye mabawa ya waridi na chungwa na vidoa vyeusi. Thomas Eisner, mzaliwa wa Berlin mwaka 1929, alikuwa mtaalamu wa wadudu Chuo Kikuu cha Cornell. Mwenzake Jerrold Meinwald alikuwa mkemia. Mmoja anajua mdudu anafanya nini, mwingine anajua amebeba nini. Walimu, nikiambiwa nitaje sababu moja ya kuwaomba muwatoe wanafunzi wa kemia na wa baiolojia kwenye vyumba tofauti, nitawataja hawa wawili.

Eisner alikuwa akifanya utafiti Florida, katika kituo cha Archbold. Huko kuna buibui mkubwa anayefuma utando wenye rangi ya dhahabu. Jamaa zake wapo kwetu pia, mmewaona kati ya miti na nguzo za umeme. Nondo wa kawaida akiingia kwenye utando hupapatika, magamba yakabaki kwenye uzi, na mara nyingine mwili ukaponyoka. Huyu wa madoa akinaswa hutulia. Buibui anafika, anamgusa, anamkagua, halafu anaanza kukata nyuzi moja baada ya nyingine mpaka nondo anaanguka huru na kuruka. Buibui anafanya kazi ya kumwachia, na utando wake anautoboa mwenyewe!

Eisner akajiuliza, ni madoa au ni kilicho ndani? Wakawalea nondo maabara kwa chakula kilichotengenezwa kwa maharage, kisicho na chembe ya alkaloidi. Nondo hao wakatoka kwenye mabundo wakiwa na rangi zao kamili, vidoa vyote mahali pake. Ukiwaweka pembeni ya wale waliokula Crotalaria, kwa macho hutawatenganisha. Walipotupwa kwenye utando, buibui aliwala. Wale waliolelewa kwa chakula chenye mbegu za Crotalaria, aliwaachia.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hili ndilo lililonileta. Madoa nondo anayarithi. Sumu lazima aile. Vitu hivi viwili havirithiwi kwa njia moja. Kila kizazi kinazaliwa na tangazo tayari, kisha kinakwenda kutafuta ukweli wa kulijaza. Nondo aliyekosa mmea wake anatembea na onyo lisilo na kitu nyuma yake. Buibui, ambaye macho yake si ya kusoma madoa na ambaye huonja kwa miguu, anamgundua papo hapo. Ndege aliyewahi kudonoa mwenye sumu, yeye atamwacha hata huyu mtupu, kwa sababu anasoma juu tu. Kwa hiyo bawa lilelile ni kweli kwa msomaji mmoja na halina maana kwa mwingine, na ukitaka kujua linasema kweli au la, usibaki unalitazama bawa. Uliza kiwavi alikula wapi.

Vitabu vyetu vinaonyesha picha ya nondo kwenye karatasi nyeupe, amenyooshwa, bila jani hata moja. Picha nzuri. Nusu ya mdudu haipo.

Kiu ya alkaloidi ni kubwa kiasi kwamba viwavi wa Utetheisa ornatrix waliokosa mmea walionekana wakila mayai na mabundo ya wenzao, na wakiwekewa ya aina mbili, huchagua yaliyo na alkaloidi. Ndugu anakula ndugu ili apate kilicho ndani yake. Mimi darasani nikifika hapo huwa kimya kinaingia, hata wale wa dirishani hugeuka.

Na bado sijafika kwenye uchumba. Magharibi inapoingia, jike hutoa harufu, tena kwa vipindi vifupi vifupi, kama anayeita kisha anasikiliza. Dume anafika kwa kufuata harufu hiyo, halafu naye anatoa ya kwake: kwenye ncha ya tumbo huchomoza mashada mawili ya manyoya yenye feromoni, ambayo inatengenezwa kutokana na alkaloidi alizokula akiwa kiwavi. Dume aliyekosa mmea hana cha kunusisha, na nafasi yake ya kukubaliwa inapungua. Kwa hiyo jike hasomi madoa ya dume. Anamnusa, na harufu inamwambia alikula nini.

Ana sababu. Wakati wa kujamiiana, jambo linalochukua saa nyingi, dume humpa jike kifurushi chenye mbegu zake za kiume, na ndani ya kifurushi hicho kuna virutubishi na alkaloidi. Jike aliyelelewa bila mmea, ambaye buibui angemla bila kusita, akishapokea kifurushi huanza kuachiwa na buibui. Kisha yeye anaipitisha alkaloidi kwenye mayai. Mwaka 1988 kundi la Eisner na Meinwald lilionyesha kwamba mayai yanapokea kutoka kwa wazazi wote wawili. Sehemu ya baba ni takribani theluthi. Mbawakawa wale wadogo wa mviringo, wanaokula vidukari, ambao nao wamejaa madoa, huyakataa mayai hayo. Yai halina bawa wala doa. Linalindwa na kilichomo tu.

Watu wa Pwani mliomo humu, hili ni lenu. Aina moja ya marejea iliitwa kisayansi Crotalaria usaramoensis, kwa nchi ya Uzaramo, pale Dar es Salaam na viunga vyake. Wakemia waliipa alkaloidi moja jina la usaramini kutokana na mmea huo. Na huko Florida, viwavi wa Eisner waliokula aina nyingine ya Crotalaria iliyoletwa kutoka nchi za joto za upande wetu wa dunia walikuwa wamebeba usaramini hiyohiyo mwilini. Marekani walizileta Crotalaria za kigeni kurutubisha udongo, kama mnavyofanya, zikatoka mashambani zikaenea. Nondo wa kwao akazikubali bila kuuliza zimetoka wapi.

Sasa wale wataalamu. Ikiwa ndege anadanganyika na madoa, binadamu mwenye darubini je?

Linnaeus mwenyewe, katika kitabu kilekile cha 1758, alimwona binamu wa Amerika katika sura mbili, mmoja mwenye rangi nyingi na mwingine aliyepauka, akawaandika kama aina mbili: bella na ornatrix. Ilichukua miaka 200 na ushei mpaka wakaunganishwa kuwa aina moja. Kwa upande wetu wa dunia kosa lilikuwa kinyume. Nondo weupe wenye vidoa vyeusi na vyekundu walikusanywa kutoka Afrika, Asia, Australia na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kwa muda mrefu wakabandikwa kwa pini chini ya jina moja, pulchella, kwa vile bawa lilikuwa lilelile. Kumbe wamo zaidi ya mmoja. Yumo Utetheisa lotrix, mwenye kupenda sana Crotalaria. Yumo pia Utetheisa pulchelloides, aliyetengwa na Hampson, mtaalamu wa nondo wa Uingereza, mwaka 1907, wa visiwani na mwambaoni, huko ambako kichaka cha ufukweni chenye majani ya rangi ya fedha humpa kiwavi wake chakula.

Aliyeketi akawachambua kwa uvumilivu ni Karl Jordan, Mjerumani aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Rothschild huko Tring, Uingereza. Mwaka 1939 alichapisha uchunguzi mrefu juu ya tofauti zipi kati ya nondo hawa ni za kudumu na zipi hubadilika ovyo. Jibu lake linapaswa kubandikwa ukutani kwenye kila maabara ya shule: mengi ya yale yanayovuta jicho ndiyo yanayobadilika. Cha kutegemewa zaidi kilikuwa kwenye viungo vya uzazi na vya harufu vya madume, vitu ambavyo hakuna mpiga picha anayehangaika navyo.

Nawaambia hivi kwa sababu najua mtakachofanya mkitoka hapa. Mtampiga picha kwa simu, programu itawaandikia jina, nanyi mtaamini. Programu inasoma bawa kama ndege anavyolisoma. Mara nyingi itapatia. Lakini ukiwa Mafia, Pemba au Ushelisheli na ukaandika pulchella bila kusita, unaweza kuwa umerudia kosa la miaka 100 iliyopita kwa kasi ya intaneti.

Kwa hiyo piga picha, ndiyo, ya bawa la mbele akiwa ametua, na ukiweza ya bawa la nyuma. Kisha geuza kamera. Piga mmea aliotua, na mimea iliyomzunguka hatua tano. Tafuta kiwavi; piga jani alilokuwa akila, au ganda alilotoboa. Andika tarehe, mahali, na kama ilikuwa mchana au kwenye taa. Mwanafunzi anayeleta picha hafifu ya nondo pamoja na tawi la Heliotropium lililoliwa nitampa alama nyingi kuliko anayeleta picha ya kalenda. Walimu mnaotaka kumlea darasani, ni rahisi: chupa yenye mdomo mpana, kitambaa juu, matawi mabichi kila siku, mchanga kidogo chini. Watoto wanawe mikono baada ya kushika mimea. Na tafadhali msiwape kuku viwavi ili kuona itakuwaje. Jenner Weir alishatufanyia.

Wazee wangu, najua swali lenu: tumpulizie dawa? Anayelima marejea ya kurutubisha udongo anailimia chini inapochanua, na nondo hana muda wa kumtia hasara. Akila majani machache, mengine yote yanakwenda udongoni vilevile. Aliyeacha marejea ikomae kwa ajili ya mbegu ndiye mwenye kesi, kwa sababu kiwavi akikua huingia ndani ya ganda na kutafuna mbegu, ambako alkaloidi imejaa. India, ambako zao la jamii hii hulimwa kwa nyuzi, anahesabiwa kuwa mharibifu. Pita shambani maganda yakiwa bado mabichi, utafute tundu dogo lenye uchafu mdomoni mwake. Shamba dogo viwavi wanaokotwa kwa mkono. Kabla ya kununua dawa, hesabu maganda yaliyotobolewa katika mashina kadhaa, upande huu wa shamba na ule, uone kama hasara inafikia bei ya chupa. Mara nyingi, kwa ninachokiona kwenye vishamba vya huku kwetu, haifikii.

Kuna jambo moja nimelipita makusudi, nalo ni ndege wa hapa: nani hasa anayemjaribu nondo huyu na kumtema, korongo gani, shorewanda, kipwe, sijui nani. Wanafunzi wenye subira wanaweza kukaa ukingoni mwa shamba asubuhi mbili tatu na daftari wakatuletea kitu ambacho hakimo kwenye mazungumzo yangu. Kesho saa tatu, umande ukishakauka, nitakuwa kwenye kipande cha marejea nyuma ya jengo hili. Njooni na kofia, lenzi kama mnayo, na msivae viatu mnavyovionea huruma.

Kengele hiyo, nimeisikia. Tuanze maswali na mzee wa kofia ya mkeka, maana ameinua mkono tangu nilipotaja ini.